Fimbo ya Mita Moja: Mwongozo wa Kufundisha Jua, Mwezi na Sayari Hapa Kamina

Siku moja nilichora mwezi mchanga ubaoni kama ulivyo kitabuni: umesimama wima, tumbo limeelekea kulia. Mtoto wa mwaka wa saba akainua kidole. "Mwalimu, mwezi wa kitabu umesimama. Wa kwetu unalalaka." Nilitaka kumjibu haraka, nikajizuia. Jioni ile nilitoka uani nikatazama magharibi. Mwezi ulikuwa umelala kweli, pembe zake mbili juu, kama mtumbwi juu ya maji. Mtoto alikuwa ameona jambo ambalo mimi mwalimu wake nimelipita miaka mingi bila kulitazama.

Mwongozo huu ni wako wewe unayefundisha mwaka wa saba na wa nane wa elimu ya msingi hapa Kamina au kwingine Haut-Lomami, uwe na umeme shuleni au huna, uwe umewahi kushika darubini au hujawahi. Neno langu kubwa ni moja: anza na anga la hapa, kitabu kifuate. Vitabu vingi tulivyo navyo vimechorwa kwa macho ya mtu wa Ulaya. Si kwamba vinadanganya. Vinasema kweli ya mahali pengine. Mtoto akifundishwa anga la watu wengine atakariri, na baada ya mtihani atasahau. Akifundishwa anga la kwao atalipima mwenyewe, na jambo ulilolipima kwa mkono wako halikutoki upesi.

Vitu vya kuandaa

Huhitaji kununua kitu cha gharama. Tafuta hivi:

- fimbo iliyonyooka yenye urefu wa mita 1 kamili juu ya ardhi;
- uzi na jiwe dogo, ili kuhakikisha fimbo imesimama wima;
- vijiti vidogo vya kuchomeka chini, na futi ya fundi;
- mpira wa miguu, limau, chungwa, na punje chache za nafaka nitakazozitaja;
- tochi ya simu au mshumaa;
- kipande cha katoni na sindano;
- daftari moja kubwa la darasa zima, ambalo halitupwi mwaka ukiisha.

Kabla ya yote, weka sheria moja na uirudie kila somo: hakuna mtu anayelitazama Jua kwa macho. Miwani ya giza haitoshi, wala picha ya eksirei, wala kioo kilichopakwa masizi, wala sahani ya CD, wala beseni la maji. Jicho halina maumivu ya kukuonya linapoungua kwa ndani. Tutajifunza juu ya Jua kwa kutazama kivuli chake na taswira yake, na hivyo viwili vinatosha kabisa.

Somo la kwanza: kivuli cha adhuhuri

Tafuta mahali tambarare uwanjani pasipo na kivuli cha mti. Simamisha fimbo, ining'inizie uzi wenye jiwe, urekebishe mpaka fimbo na uzi viende sambamba. Anza saa sita kasoro dakika 20 mchana. Kila baada ya dakika 10, mwanafunzi mmoja achomeke kijiti kwenye ncha ya kivuli, mwingine apime urefu, wa tatu aandike daftarini. Endeleeni mpaka saa saba.

Watoto wataona kivuli kinafupika, kinafika mahali, kisha kinaanza kurefuka upya. Kile kilicho kifupi kuliko vyote ndicho cha adhuhuri ya kweli, na mstari wake unaelekea kaskazini na kusini bila haja ya dira. Hapo swali la kwanza litakuja lenyewe: kwa nini adhuhuri haikuanguka saa sita kamili?

Jibu lake ni somo zima. Saa tunayoitumia, ile ya Lubumbashi, imepangwa kwa mstari wa longitudo nyuzi 30 mashariki. Kamina iko kwenye nyuzi 25. Dunia hugeuka nyuzi 360 kwa saa 24, yaani nyuzi 1 kwa dakika 4. Nyuzi 5 ni dakika 20. Kwa hiyo Jua hutufikia juu kabisa wastani wa dakika 20 baada ya saa sita. Wastani huo husogea kidogo mwaka ukienda: mwanzoni mwa Novemba ni dakika 4 hivi baada ya saa sita, katikati ya Februari ni kama dakika 34, kwa sababu mwendo wa Dunia kulizunguka Jua hauko sawa mwaka mzima na mhimili wake umeinama.

Rudieni kipimo hiki mara moja kila mwezi, kuanzia Septemba shule zinapofunguliwa. Kwa fimbo ya mita 1 hapa Kamina, kivuli cha adhuhuri kinapaswa kukaribia hivi:

- 23 Septemba: sentimita 15, kikielekea kusini;
- 16 Oktoba: hakuna kivuli;
- 21 Desemba: sentimita 26, kikielekea kaskazini;
- 26 Februari: hakuna kivuli;
- 21 Machi: sentimita 15, kikielekea kusini;
- 21 Juni: sentimita 63, kikielekea kusini.

Usiwape watoto orodha hii mapema. Waache wapime kwanza. Siku Jua linapopita utosini, fimbo husimama bila kivuli kama kitu kilichopoteza mwenzake, na hilo hutokea mara mbili tu kwa mwaka. Paris halitokei kamwe. Mara zote mbili huangukia majira ya mvua, kwa hiyo jiandae siku tatu kabla na siku tatu baada. Mawingu yakipasuka kwa dakika 10 tu, mmepata.

Somo la pili: nani anasogea, na mvua hutoka wapi

Mtoto anaona Jua linatoka upande mmoja na kuzama upande mwingine. Ukimwambia kwamba ni Dunia inayogeuka, atakubali kwa heshima tu. Mpe sababu anayoijua. Kamina ni mji wa reli: njia ya Lubumbashi, njia ya Ilebo na njia ya Kabalo hukutana hapa. Uliza nani amewahi kukaa ndani ya treni kituoni, treni ya jirani ikaondoka, naye akadhani ni yake iliyoondoka. Mikono itainuka. Waambie: sisi tuko ndani ya treni inayoitwa Dunia, na hapa Kamina inatupeleka mashariki kwa kilomita 1,650 hivi kila saa. Haitikisiki wala haifungi breki, ndiyo maana hatuisikii.

Kisha chukua chungwa, lichome kijiti katikati kiwe mhimili, weka nukta ya mkaa kidogo chini ya mstari wa katikati. Hiyo ni Kamina. Washa tochi, geuza chungwa taratibu, na mtoto mmoja atangaze: asubuhi, adhuhuri, jioni, usiku.

Sasa fika kwenye mtego ambao wengi tunauangukia. Ukiuliza kwa nini Juni na Julai usiku huwa na baridi, watoto watasema Jua liko mbali. Na kweli, mwanzoni mwa Julai Dunia huwa mbali zaidi na Jua, kilomita milioni 152. Mwanzoni mwa Januari huwa karibu zaidi, milioni 147. Hesabu inaonekana kuwaunga mkono, na mwalimu asiyejihadhari atawaacha na kosa hilo maisha yao yote. Wewe uliza hivi: "Nani ana ndugu Ubelgiji? Januari huko kukoje?" Watakwambia ni baridi na theluji. Dunia ni moja. Haiwezi kuwa karibu na Jua kwa ajili yetu na mbali kwa ajili ya ndugu zetu mwezi huohuo. Umbali basi si sababu.

Sababu ni kuinama kwa mhimili, nyuzi 23.4. Rudi kwenye chungwa. Inamisha kijiti, kielekeze kwenye pembe moja ya ukuta, kisha tembea ukiizunguka taa bila kubadili mwelekeo wa kijiti. Upande mmoja wa mzunguko, kaskazini kunapata mwanga wa moja kwa moja. Upande wa pili, kusini. Fungua daftari la vivuli: Juni kivuli kirefu cha kusini, maana Jua liko kaskazini na miali yake inatufikia kwa mshazari; Desemba kivuli kifupi cha kaskazini, maana Jua limetupita kusini.

Kitabu kitaleta misimu minne: ile ya maua, ya joto, ya majani kudondoka, ya baridi. Isome, iheshimu, kisha fundisha yetu miwili. Mahali Jua linapopita karibu na utosi, ardhi hupata moto, hewa yenye unyevu hupanda juu, hupoa, hunyesha. Ukanda huo wa mvua hulifuata Jua linapokwenda kaskazini na kurudi kusini. Ndiyo maana mvua hutujia Oktoba Jua linapofika utosini, na hukatika Jua likishakwenda zake kaskazini. Mtoto wa mkulima akielewa kwamba kivuli cha fimbo na jembe la mama yake vinafuata mwendo mmoja, hataliona tena somo hili kama la kizungu.

Somo la tatu: mwezi ulalao

Hili ni la nyumbani. Kila mwanafunzi achore Mwezi siku 29 mfululizo: umbo lake, umelala vipi, saa aliyouona. Asiyeuona aandike "mawingu" au "haujatoka". Majira ya kiangazi, kuanzia Mei, ndiyo mazuri zaidi. Usiwaite watoto usiku shuleni. Wachore uani kwao, mzazi akiwa karibu, na wavae nguo ndefu kwa ajili ya mbu.

Baada ya siku 29 au 30 umbo la kwanza litarudi, kwa sababu mzunguko wa mwezi ni siku 29 na nusu. Wataona pia kwamba kila siku Mwezi huchelewa kuchomoza, wastani wa dakika 50.

Hapa sema wazi kuhusu kitabu. Kwa Kifaransa kuna mbinu ya kukumbuka: ukiongeza mstari kwenye mwezi nusu ukapata herufi "p" ni robo ya kwanza, "d" ni robo ya mwisho. Mbinu hiyo imetungwa kwa mtu aliye kaskazini, anayeuona mwezi umesimama. Sisi tulio karibu na ikweta tunauona umelala, kwa sababu njia ya Jua na Mwezi hapa hupanda karibu wima kutoka upeo wa macho, na upande wa Mwezi unaong'aa siku zote hulitazama Jua. Jua likiwa limezama chini yake, mwanga unaangukia tumbo la chini. Mtumbwi huo ni ushahidi wa mahali tunapoishi.

Sasa onyesha chanzo cha maumbo hayo. Wengi hutumia taa darasani, lakini ipo njia bora. Wiki ile Mwezi unapoonekana asubuhi upande wa magharibi wakati watoto wanaingia shuleni, watoe nje. Kila mmoja ashike limau kwenye ncha ya njiti, anyooshe mkono, alilete limau kando ya Mwezi huku Jua likimpiga kutoka nyuma. Limau litaonyesha umbo lilelile la Mwezi uliopo angani, kwa sababu Jua lilelile linaviangaza vyote viwili kutoka upande uleule. Nimeona watoto wakinyamaza ghafla wakati huo. Hawahitaji maelezo tena.

Ukishafanya hivyo, kosa la kwamba kivuli cha Dunia ndicho kinachokata Mwezi kila mwezi litakufa lenyewe. Kivuli cha Dunia kina siku yake, nayo ni kupatwa kwa Mwezi. Jioni ya tarehe 7 Septemba 2025 Mwezi mpevu uliingia mzima katika kivuli hicho, na kwa zaidi ya saa moja, tangu saa moja na nusu, ulikuwa mwekundu. Waulize nani alikumbuka kutazama, na nyumbani watu walisema nini. Sikiliza majibu bila kumcheka mtu, kwa maana wazee waliotazama anga kabla yetu walikuwa wanatafuta maana, kama sisi.

Na wape watoto wako fahari wanayostahili. Mwaka 1950, Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua huko Ishango, kwenye Ziwa Edward, mfupa wenye mikato iliyopangwa kwa mafungu. Unakadiriwa kuwa na umri wa miaka 20,000 hivi, na sasa umehifadhiwa Brussels. Mtafiti Mmarekani Alexander Marshack alipendekeza kwamba mikato ile ni hesabu ya siku za mwezi. Wengine wanaiona kama hesabu za namba. Mjadala haujaisha, lakini aliyekata mfupa ule aliishi katika nchi yetu, na huenda alikuwa anahesabu. Daftari la siku 29 la mtoto wa Kamina linafanana sana na kazi ile.

Somo la nne: sayari barabarani

Andika majina kwa lugha mbili, maana mtihani utakuja kwa Kifaransa na akili ya mtoto iko katika Kiswahili:

- Mercure: Utaridi (vitabu vingine huandika Zebaki)
- Vénus: Zuhura
- Terre: Dunia
- Mars: Mirihi
- Jupiter: Mshtarii
- Saturne: Zohali
- Uranus: Uranusi
- Neptune: Neptuni

Kitabu cha zamani kikiwa na sayari tisa, eleza kwamba tarehe 24 Agosti 2006, huko Prague, Umoja wa Kimataifa wa Wanaastronomia uliamua Pluto iitwe sayari kibete, kwa kuwa haijasafisha njia yake na inaishi kati ya vitu vingine vingi. Usiwakaririshe idadi ya miezi ya kila sayari. Machi 2025 Zohali ilitambuliwa miezi mipya 128 kwa mpigo, ikafika 274. Aliyekariri namba ya zamani alibaki nayo mkononi.

Mchoro wa kitabu unaonyesha sayari zimepangwa karibukaribu kama watu kwenye foleni. Mchoro huo hauna budi kuvunjwa, na utavunjwa kwa miguu. Mpira wa miguu una kipenyo cha sentimita 22. Huo ndio Jua letu. Kwa kipimo hicho:

- Utaridi ni chembe ya mchanga, mita 9 kutoka mpirani;
- Zuhura ni punje ya ulezi, mita 17;
- Dunia ni punje nyingine ya ulezi, milimita 2, mita 24;
- Mirihi ni mbegu ya lengalenga, mita 36;
- Mshtarii ni tunda la ngazi, sentimita 2 na kidogo, mita 123;
- Zohali ni tunda la ngazi lililo dogo zaidi, mita 226;
- Uranusi ni punje ya hindi, mita 454;
- Neptuni ni punje nyingine ya hindi, mita 710.

Chagua barabara iliyonyooka isiyo na magari mengi, na kamwe usiwapeleke watoto kwenye reli. Pima hatua ya mwanafunzi mmoja, gawanya umbali kwa hatua hiyo, kila kundi lihesabu lenyewe. Bandika kila punje kwenye karatasi nyeupe, maana bila hivyo Dunia itapotea vumbini. Mwezi wetu ni chembe ndogo sentimita 6 tu kutoka kwenye punje ya Dunia. Umbali huo wa vidole vitatu ndio mkubwa kuliko wote ambao binadamu amewahi kusafiri.

Mkiwa kwenye Neptuni, waambie wageuke watazame nyuma. Mpira hauonekani tena. Kisha mambo mawili. La kwanza, mwanga wenyewe katika mfano huu hutambaa chini ya sentimita 5 kwa sekunde, mwendo wa siafu njiani. Kutoka mpirani hadi punje ya Dunia siafu huyo angetumia dakika 8 na sekunde 20, na hadi Neptuni zaidi ya saa nne. La pili, nyota iliyo jirani kabisa na Jua ingekuwa mpira mdogo umbali wa kilomita 6,300: ungetoka Kamina, ukavuka Afrika na bahari ya Mediterania, ukaingia Italia ya kaskazini. Kaa kimya kidogo baada ya kusema hivyo. Acha umbali ufanye kazi yake.

Somo la tano: kulipima Jua chini ya mwembe

Umewahi kutazama duara za mwanga zinazochezacheza chini ya mwembe mchana? Matundu kati ya majani yana maumbo ya kila aina, lakini duara ni duara. Kila moja ni taswira ya Jua. Waonyeshe watoto, kisha toboa katoni kwa sindano, ishikeni ili mwanga upite na kuangukia karatasi nyeupe mita 2 nyuma yake. Duara litakalotokea lina upana wa milimita 18 au 19.

Gawanya: milimita 2,000 kwa 18.5 ni karibu 108. Maana yake, upana wa Jua huingia mara 108 hivi katika umbali wake kutoka kwetu. Umbali ni kilomita milioni 150. Gawanya kwa 108, unapata takriban kilomita milioni 1.4. Mwanafunzi wa mwaka wa nane amelipima Jua kwa katoni na sindano, kwa hesabu ya uwiano aliyoisoma wiki iliyopita kwenye jometri. Mwambie hivyo kwa maneno wazi.

Anga la usiku

Umeme unapokosekana mjini, anga letu hupata giza ambalo watu wa miji mikubwa ya Ulaya hawana tena. Tulitumie. Kazi ya nyumbani iwe fupi, kitu kimoja kwa wiki. Mei na Juni, saa mbili au tatu usiku, watafute Msalaba wa Kusini upande wa kusini. Julai, ule ukanda mweupe wa Njia ya Maziwa unaopita juu kabisa: hiyo ndiyo galaksi yetu tunayoitazama kutoka ndani. Kuanzia Novemba jioni, mashariki, watafute Kilimia, fungu dogo la nyota lililosongamana ambalo jina lake limetoka kwenye kulima. Agosti na Septemba moshi wa moto wa nyika hufunika upeo wa macho, hivyo watazame juu zaidi.

Watume pia wawaulize bibi na babu majina ya vitu hivi kwa Kiluba, na wayaandike daftarini kando ya yale ya Kifaransa na Kiswahili.

Sayari tano huonekana kwa macho matupu: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Nyota humetameta, sayari hutulia, na siku zote hupita kwenye njia ileile ya Jua na Mwezi. Ukipata darubini ya kawaida ya mkononi, iegemeze mahali imara uielekeze kwenye Mshtarii. Kando yake utaona nukta hadi nne zimepangwa mstari mmoja. Ni miezi ile ambayo Galileo Galilei aliiona Januari 1610. Kesho yake zitakuwa zimebadili mahali.

Na kuna jambo moja la Katanga ambalo mtoto asikose kulisikia. Shaba na kobalti zinazochimbwa katika ardhi hii zilipikwa ndani ya nyota kubwa zilizokufa kabla Jua letu halijazaliwa. Mpe kipande cha waya wa shaba akishike unapomwambia.

Kuuliza mtihani

Usiulize tu "Taja sayari nane." Uliza maswali yanayomlazimu mtoto arudi uwanjani kwa mawazo:

1. Fimbo ina kivuli kirefu cha adhuhuri kinachoelekea kusini. Tuko karibu na mwezi gani, na mvua inanyesha au hainyeshi?
2. Rafiki yako wa Brussels amechora mwezi mchanga umesimama, wewe umelala. Nani amekosea? Eleza.
3. Kama Dunia ingekuwa wima bila kuinama, kivuli cha adhuhuri Kamina kingebadilika mwaka mzima?

Simu ya tarehe 21 Machi

Kazi ya mwisho ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, Eratosthenes wa Alexandria alisikia kwamba katika mji wa Syene, Aswan ya leo, kuna siku Jua la adhuhuri humulika hadi chini ya kisima. Siku hiyo Alexandria kulikuwa na kivuli. Kwa tofauti ya vivuli hivyo na umbali wa miji miwili, akaukadiria mzingo wa Dunia.

Sisi tuna miji yetu miwili. Fungua ramani: Kisangani iko karibu na ikweta kabisa, na longitudo yake ni nyuzi 25, sawa na ya Kamina. Miji hii miwili ina adhuhuri moja, tofauti haifiki hata dakika. Tarehe 21 Machi, au 23 Septemba, Jua hupita juu ya ikweta. Kisangani wakati huo ni Syene yetu.

Tafuta mwalimu wa Kisangani mapema. Siku hiyo kila upande usimamishe fimbo ya mita 1. Machi, anzeni kupima saa sita na dakika 10. Kivuli kifupi kitakuja karibu na dakika ya 27. Kisha piga simu, uweke sauti nje darasa zima lisikie. Kisangani watasema kivuli chao hakizidi sentimita 1, kikielekea kaskazini. Ninyi mna sentimita 15, kikielekea kusini. Chora pembetatu ubaoni kwa ukubwa wake wa kweli, mita 1 wima na kivuli mlalo, upime pembe ya juu kwa kipimapembe. Yenu ni karibu nyuzi 8.7, yao nusu nyuzi. Kwa kuwa vivuli vimeelekea pande tofauti, jumlisheni: nyuzi 9 na robo hivi. Kutoka mji hadi mji kwa mstari ulionyooka ni takriban kilomita 1,020. Gawanya 360 kwa 9.25, zidisha kwa 1,020.

Mkipata popote kati ya 36,000 na 44,000 mmefanya vizuri, maana futi inateleza na ncha ya kivuli ina ukungu wake. Mzingo wa kweli kupitia ncha za Dunia ni kilomita 40,008. Usisahihishe namba ya watoto ili ifanane na ya kitabu. Iandikeni kwenye daftari kubwa kama ilivyotoka, pamoja na tarehe, hali ya mawingu, na majina ya wote walioshika fimbo. Mwakani darasa lingine litaisoma, litasimamisha fimbo ileile, na litajaribu kupima vizuri zaidi.